Joho la Nyani

Kila akitoka shule, Kamusi alipitia kibandani kwa shangazi yake, fundi cherehani, akamwokotea pini sakafuni, kisha akakimbilia kuruka kamba. Jina la Kamusi alipewa na wenzake kwa sababu ya Kiingereza chake. Ukimuuliza neno hasemi "sijui", hata umfinye.

Siku hiyo shangazi alimzuia mlangoni, simu mkononi. "Mwanangu, yule mama mgeni aliyeniletea hariri ya zambarau amenitumia ujumbe wa sauti. Kiingereza kitupu! Hebu nisikilizie."

Kamusi akasikiliza. Joho refu, mikono mipana, liwe tayari Ijumaa. La nani? La "praimeti". Hapo akakwama. Akatoa kitabu cha maana za maneno mkobani, akasoma mstari wa kwanza, akakifunga pap! Nje kamba ilishaanza kuzunguka.

"Ni joho la nyani, shangazi."

"La nani?"

"Nyani. Au ngedere, au sokwe. Wote wamo."

Shangazi akavua miwani. "Nyani avae hariri? Mimi mwenyewe sijaivaa!"

"Labda ni wa maigizo."

"Una hakika?"

"Mia kwa mia," Kamusi akasema, ingawa moyoni hata nusu yake haikufika.

"Haya, kazi ni kazi." Shangazi akatandaza kitambaa mezani, akachora duara kwa chaki. "Mkia utokee hapa. Maskini, bila tundu atakaaje?" Akachukua mkasi.

Kamusi alikuwa keshafika mlangoni. Akageuka, akauona mkasi ukifunguka juu ya hariri ya watu. Kitambaa hicho kikikatwa kimekatwa; kingine kama hicho hakuna.

"Shangazi, usikate! Sina hakika. Nimesoma mstari mmoja tu."

Mkasi ukasimama hewani.

"Kamusi, zamu yako!" wenzake wakaita.

"Rukeni tu!" akajibu, akafungua kitabu tena. Chini ya nyani palikuwa na maana ya pili: askofu mkuu, kiongozi wa maaskofu wenzake.

Kisha shangazi akaanza kucheka, akacheka mpaka akaikalia pasi. Bahati yake, pasi ilikuwa baridi. "Yaani Baba Askofu aingie kanisani na tundu la mkia! Mbele ya kwaya!"

Kamusi naye akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. "Nisamehe, shangazi. Niliona aibu kusema sijui."

Wakafuta chaki, wakaanza upya. Ijumaa yule mama akaligeuza joho huku na huku, akamkumbatia fundi bila kusema neno. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Alipoondoka, shangazi akamvuta Kamusi karibu. "Sikia, mwanangu. Aibu ya kusema 'sijui' inaisha palepale. Ile ya tundu wangenisimulia mpaka nizeeke. Neno moja linaweza kubeba maana nyingi, kwa hiyo lisome mpaka mwisho, na ukikwama sema umekwama. Sitakucheka." Akafikiri kidogo. "Sawa, nitakucheka. Lakini kitambaa kitakuwa kizima."