Macho ya Babu na Jicho la Simu

Kila asubuhi mshonaji alifanya mambo matatu kabla ya kwenda dukani kwake. Alimjulia hali baba yake. Alikunja nguo za wateja na kuzitia kwenye mfuko. Kisha alichungulia kioo kidogo cha mashine ya kuangulia vifaranga. Tarakimu nyekundu zilionyesha 37.5. Hilo ndilo joto ambalo mayai yanahitaji, usiku na mchana, kwa siku ishirini na moja.

Mayai yalikuwa arobaini. Yale ya mara ya kwanza yaliharibika yote. Joto lilishuka mchana, na baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu, alikuwa amepitiwa na usingizi kitini. Mshonaji, binti yake, hakumgombeza. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki." Lakini Babu aliona aibu, na aibu ya mzee haiishi upesi.

Safari hii mshonaji alimwita jirani yao, mwanamke fundi wa simu. Fundi alikuja jioni na simu kuukuu. Akaisimamisha mbele ya mashine, kamera ikitazama zile tarakimu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeniletea mlinzi?"

"Nimekuletea msaidizi. Kila dakika itapiga picha, itasoma joto, halafu itamtumia dada kule dukani. Joto likishuka au likizidi, simu yake italia."

Babu alisogeza kiti. Aliendesha lori miaka thelathini, na hakupenda kitu asichojua ndani kina nini. "Simu inasomaje? Imesoma shule gani?"

Fundi alicheka. Aliomba kiberiti, akapanga njiti saba mezani, zikawa 8. "Kila tarakimu pale imejengwa kwa njiti kama hizi. Simu inaangalia zipi zinawaka na zipi zimezima." Akapanga nyingine. "Hii ni 7, ina njiti tatu. Ukitoa ya juu?"

"Inabaki 1," alisema Babu. Akaitoa, akairudisha. Akaitoa tena. Fundi alipoaga, mzee alikuwa bado anachezea njiti na chai yake imepoa.

Siku ya kumi na tano, asubuhi, binti yake alipiga simu kutoka dukani.

"Baba, joto limeshuka. Huku nasoma 31.5. Bonyeza kile kitufe cha joto, uongeze haraka."

Babu aliisogelea mashine. "Mbona mimi naona 37.5?"

"Umevaa miwani?"

Swali hilo lilimchoma. Alijigusa puani kuhakikisha. Miwani ilikuwepo. Hata hivyo alianza kujitilia shaka. Akiongeza joto bila sababu, vifaranga wangekufa kwa joto. Asipoongeza, na kumbe macho yake yamekosea, wangekufa kwa baridi, na leo hakuwa na usingizi wa kusingizia. Mkono wake ulibaki juu ya kitufe.

Ilikuwa 37, sasa inasomwa 31. Babu alizikumbuka njiti. Aliinama mpaka kichwa chake kikawa sawa na kamera. Baada ya wiki mbili za mawingu, jua lilikuwa limeingia dirishani na kuweka doa jeupe kwenye kioo, juu kabisa ya ile 7. Ukitazama kutoka hapo, njiti ya juu haikuonekana.

Alivua kofia akaliziba jua. "Subiri dakika moja, mwanangu. Haya, sasa inasemaje?"

Binti alitazama simu yake. "Inasema 37.5. Umefanya nini, Baba?"

"Nimeirudishia njiti yake."

Jioni fundi alikuja mbio. "Kosa ni langu. Niliiweka jioni, sikujiuliza jua la asubuhi linapita wapi." Alikata boksi, akalifunga kuzunguka kioo na kamera ili mwanga usiingie na simu isisogee, akaacha kitundu chenye kifuniko cha Babu kuchungulia. Kisha akawaambia, "Joto la mashine halianguki hivyo kwa dakika moja. Hushuka kidogo kidogo. Mkiona namba imeruka ghafla, itilieni shaka. Na msiguse kitufe kabla mtu hajaangalia kwa macho yake."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Babu, akivaa kofia yake.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga thelathini na sita. Babu aliwahesabu mara mbili, kisha akamwita jirani aje awahesabu naye. Alifurahi mno, wala hakuficha.

Wiki iliyofuata waliweka mayai mengine. Siku moja mchana simu ya Babu ililia.

"Baba, huku nasoma 36. Macho yako yanasemaje?"

Babu alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kioo.

"Ni 36 kweli, mwanangu. Naongeza."