Mlango Usio na Kufuli

"Umefukuzwa?"

"Bado. Nimeambiwa nikichelewa tena nisirudi."

Nikaweka mkasi chini. Nilikuwa nakata mapazia ya mteja, na nikiwa na hasira sikati kitu, maana niliwahi kuharibu shuka la mtu kwa ajili ya mwanaume huyuhuyu.

Nilimpenda kabla hajafungwa, nikamngoja miaka saba. Huko ndani alijifunza kushona makochi, akatoka fundi wa kuaminika. Kaka yangu ndiye aliyembembelezea kazi kwenye karakana ya fanicha, akaniambia waziwazi, "Akimaliza mwezi bila lawama, nitamsemea kwa baba mwenyewe. Akiharibu, dada, usinitume tena." Baba naye alikuwa na neno moja tu, kwamba hatoi binti kwa mtu asiye na kazi.

Sasa wiki ya kwanza haijaisha, na Fundi wangu amechelewa mara tatu.

"Unaamka saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na karakana ni hapo tu kwa miguu. Unapitia wapi?"

Simu yake ikalia, akaisoma, akanipa niisome mwenyewe. Ujumbe ulitoka kwa yule swahiba wake wa zamani, aliyekula naye raha na kumwachia jela peke yake.

"Kuna kazi ya siku moja. Gari lipo, wewe unaendesha tu. Huko kwenye makochi watakutimua, nakujua."

"Utamjibu nini?"

"Sijui," akasema, na ukweli wake ukaniuma kuliko uongo.

Kesho yake asubuhi nikamfuata kwa mbali. Najua si tabia nzuri, lakini sikutaka kuendelea kushika kuti kavu. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshafika. Wenzake wote walikuja na gari la kazi, wakaingia kwa geti la nyuma. Yeye alisimama mbele ya mlango wa mbele, mikono nyuma, macho chini. Ikapita robo saa, ikapita nusu. Mashine zikaanza kulia ndani, naye amesimama vilevile.

Nikamsogelea.

"Mlango umefungwa kwa ufunguo?"

Akashtuka. "Hapana. Umerudishiwa tu."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja nifunguliwe."

Nikataka kucheka, nikamwona usoni, kicheko kikafa.

"Miaka saba sijagusa kitasa," akasema. "Kule ukigusa ni kosa. Mlango unafunguliwa na askari, wewe unasimama. Najua hapa siyo kule. Najua kabisa. Mkono ndio haujui."

Hapo nikakumbuka kwetu. Kila akija alisimama nje mpaka nimfungulie, na mama akamsifu kwamba huyu kijana ana adabu ya zamani. Nami nilikuwa nakimbilia mlango kwa mapenzi, kumbe nakilea kifungo chake.

"Kwa nini hukumwambia msimamizi?"

"Nimwambie mtu mzima nimeshindwa na mlango?"

Mkono wangu ulishafika kwenye kitasa. Nikaurudisha kwa shida, maana nampenda.

"Nikikufungulia leo, kesho nitakuwa kwenye mapazia yangu. Swahiba wako yeye milango yake iko wazi siku zote, hata hodi hupigi. Chagua."

Nikageuka nikaondoka. Nilijiapiza nisitazame nyuma, na hatua ya kumi nikatazama. Alikuwa ameshika kitasa kama mtu anayeshika sufuria la moto. Kisha mlango ukafunguka, akaingia.

Mchana akanipigia. Alimweleza msimamizi yote. Yule mzee akaguna, akasema alidhani ana jeuri ya kungoja kufunguliwa kama bosi, na kwamba siku zile tatu na hii ya leo amezisahau.

"Na swahiba?"

"Nimemwandikia, 'Niko kazini.' Halafu nimeifuta namba yake."

Nililia juu ya mapazia ya watu.

Mwezi ukatimia bila lawama, na kaka akatimiza ahadi yake. Siku ya posa tulikaa sebuleni, baba kwenye kochi lake, mimi pembeni ya mama. Saa nne kamili tukasikia hodi.

"Karibu," baba akaitikia.

Mlango haukufunguka. Mama, kwa mazoea yake, akaanza kuinuka. Nikamshika mkono.

"Mwache, mama."

"Mgeni asimame nje?"

"Siyo mgeni."

Baba akanitazama, akautazama mlango. Tukangoja wote. Kitasa kikazunguka taratibu, Fundi akaingia na shangazi yake, jasho likimtoka, akawasalimia wazee mmoja mmoja. Kisha akarudi, akaurudishia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaja kukaa.