Glasi ya Tatu Ilinuka Siagi

Mwanamume wa kunidanganya mimi hajazaliwa. Walionidanganya walikuwa wameshazaliwa zamani, watatu, na mmoja nilimfulia mpaka soksi. Kwa hiyo huyu Pua namwelewa vizuri.

"Umefumba macho?" Dereva aliuliza kutoka jikoni.

"Nimefumba, mume wangu. Leta basi."

Pua alikuwa sebuleni, shuka miguuni, mchana wa Jumapili, siku ya kumi na mbili tangu mimba yake ya miezi mitano itoke. Jina hilo alipewa kiwandani. Kazi yake ni kuonja bia kabla haijaenda kuuzwa: ananusa, anaweka funda mdomoni, anatema, anatia sahihi. Mumewe anaendesha lori la mizigo ng'ambo ya mpaka, na kila akirudi humletea bia za huko. Humimina jikoni, humpa glasi bila kumwonyesha chupa, naye akisie ilikotoka. Wengine huandikiana barua za mapenzi. Wao walipendana hivyo.

Wifi yake, dada wa Dereva, alikuwa kwenye kigoda akimenya machungwa.

"Nyie watu bwana! Bia ni bia. Zote safari yao inaishia chooni."

"Wifi, usinichekeshe. Tumbo bado linauma."

Glasi ya kwanza ikafika. Pua akanusa, akaonja.

"Nyeusi hii, hata kama sioni. Nafaka wameikaanga mpaka karibu iungue, inakuja kama kahawa. Ya nchi za baridi. Ukinywa moja umeshiba."

"Umepata!" Dereva akacheka. "Haya, ya pili."

"Ya kwetu hiyo, mtego huo! Nyepesi, ya kukata kiu. Ile ya wageni unaisikiliza kama hotuba. Hii unapiga nayo soga."

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: kuamini kwamba Jumanne ile mumewe asingeweza kufika. Alimpigia mara tisa damu ikimtoka. Akajibiwa kwa ujumbe: "Mke wangu niko mbali, mpaka umefungwa. Jikaze. Nitakuletea bia za huku." Aliyemshika mkono ni wifi. Aliyepokea kile kitoto, kimefungwa kwenye kanga, ni wifi.

"Ya tatu hii, kiboko yao," Dereva akasema. "Niliinunua huko huko, Jumanne ile ile, nakuwaza wewe."

Pua akanusa. Akanusa tena. Akaweka funda ulimini, akaliacha hapo muda mrefu.

Siagi.

Akafumbua macho.

"Nionyeshe chupa."

Dereva akaleta chupa ya kijani, maandishi yake hasomi mtu. Pua akatia kidole kwenye shingo ya chupa.

"Kavu. Hii ni chupa ya safari ile nyingine. Hapa umenimiminia tangi la saba."

"Tangi la saba ndiyo nini?"

"Bia ya kwetu kiwandani. Waliitoa tangini siku mbili kabla haijakomaa, ikabaki na harufu ya siagi. Niliionja Jumatatu, nikakataa kutia sahihi. Mkubwa akaitoa kwa ubishi, kreti chache, duka moja tu, kule nyuma ya soko. Ziliuzwa Jumanne. Jumatano asubuhi wakazikusanya zote wakazimwaga." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Jumanne, mume wangu. Ulikuwa nyuma ya soko. Kutoka pale mpaka hospitali ni kutembea tu."

Wifi akaacha kumenya.

"Kaka?"

"Nilipewa na dereva mwenzangu!"

"Yule mliyefungiwa naye mpakani?" Pua akauliza. "Aliipataje?"

"Sasa unanihoji kama polisi!" Dereva akapandisha sauti, jasho linamtoka. "Hiyo pua imeharibiwa na dawa za hospitali. Bia haina ubaya wowote! Mbona mwenzio kanywa nne na hakusikia siagi wala samli?"

Wifi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaweka kisu chini.

Dereva mwenyewe alilisikia neno lilivyomtoka. Alishika chupa ile ya kijani kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Mwenzake yupi, kaka?" wifi akauliza polepole. "Mimi siku ile nilikuwa nafua mashuka ya damu ya mkeo. Niambie, mwenzake yupi?"

"Mwenzake... wa kazini. Mwonjaji wa huko kiwandani kwao. Nilikutana naye, akaionja, basi."

Pua akaisukuma glasi mpaka ukingoni mwa meza.

"Kiwandani kwetu," akasema, "mwonjaji ni mimi peke yangu."