Tundu la Mayow kwenye Tuta la Shebelle

Mayow na mkewe Muslimo walilima mahindi Bulo Garas, kijiji kilicho kando ya mto Shebelle, chini kidogo ya mji wa Jowhar, Somalia. Kiangazi kilipozidi, mahindi yalianza kunyauka. Mayow akachukua jembe, akakata tundu kwenye tuta la udongo linalozuia mto usifurike. Maji yakaingia shambani, mahindi yakachangamka. Mayow akatembea kijijini kifua mbele. Majirani wakamwiga.

Wiki tatu baadaye, wakiwa wanakula anjera, mikate yao laini ya asubuhi, alikuja jirani yao Dahabo. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha maji, ule ubao wa namba uliosimikwa chini ya daraja.

"Mayow, ziba tundu lako. Maji yanakuja."

Mayow alitazama juu, akacheka. "Wingu liko wapi, dada yangu?"

"Liko Ethiopia. Mto huu hauzaliwi hapa. Unatoka kwenye milima ya Bale, unavuka mpaka, unapita Beledweyne, ndipo unatufikia sisi. Mvua ya kule inatukuta hapa siku nyingi baadaye, hata jua likiwaka. Jana msomaji mwenzangu wa Beledweyne alinipigia simu. Mto umepanda mita mbili. Tuna siku tano, labda nne."

"Mwaka juzi mlisema hivyohivyo. Hayakuja!"

"Na mwaka jana yakabeba nyumba ya mama yako," Muslimo alidakia. "Wewe kaa ubishane. Mimi naenda kujaza magunia."

Mayow aliacha anjera yake, akamfuata.

Alianza kwa kutupia udongo tunduni. Dahabo akamzuia. "Udongo mtupu maji yanaulamba tu. Tia kwenye magunia, usiyajaze sana. Yapange kama matofali, kila gunia likalie maungio ya yale ya chini. Kisha kanyaga."

Walipomaliza, Mayow aliwaita wote waliomwiga. "Mimi ndiye niliyewafundisha ujinga huu," alisema. "Twendeni tukazibe." Matundu yalikuwa kumi na moja. Walifanya kazi siku nne, wanawake na wanaume, mikono ikachubuka.

Siku ya tano mto ulikuja, mwekundu, umebeba magogo. Angani hapakuwa na wingu. Maji yalipanda mpaka yakabakisha shubiri moja kufika juu ya tuta. Gunia moja la Mayow likaanza kuvuja.

"Ongeza!" Muslimo alipiga kelele. Wakaongeza, wakakanyaga, bega kwa bega. Gunia likatulia.

Siku ya saba Dahabo alisoma kipimo, akainua mikono. "Yanashuka!" Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo.

Bulo Garas walivuna mahindi mengi kuliko miaka yote waliyoikumbuka. Hakuna tena anayekata tuta. Wamefukia bomba chini yake, lenye kifuniko cha chuma na kufuli: mto ukipungua wanafungua, Dahabo akionya wanafunga.

Ufunguo anao Muslimo. Mayow akitaka maji, anaomba kwa adabu.