Asili ya Nani?

Hulda alikuwa akimenya viazi jikoni kwake Makambako. Mumewe, Elieza, akaingia na pakiti ya nyama ya ng'ombe.

"Leo Jasmine atakula bila wasiwasi. Soma hapa: NYAMA YA ASILI."

Hulda hakuishika. Mwili wa binti yao Jasmine haupatani na penisilini. Alichomwa mara moja, uso ukavimba hadi macho yakajifumba. Na ng'ombe wa maziwa wa huku huchomwa dawa hiyo hiyo kiwele kikivimba. Asipopona, wenyewe humkimbiza bucha, dawa ikiwa bado mwilini.

"Asili ya nani?" Hulda aliuliza. "Aliyetuuzia mbegu zilizooza naye aliandika BORA."

"Wewe ungedai risiti hata ya mvua! Huoni picha? Ng'ombe yuko kwenye majani."

"Picha haili majani."

Akaibeba pakiti hadi kwa jirani yao Agustino, mkaguzi wa nyama. Elieza akafuata, kanuna.

"Kamwene, Mama Jasmine," Agustino alisalimu. " Nyama unaitembeza?"

"Nimeileta ihojiwe."

Agustino akaigeuza. "Neno asili mara nyingi husema tu kwamba nyama haikutiwa rangi wala ladha. Halisemi ng'ombe alikula nini, wala kama alichomwa sindano."

"Basi tuichemshe sana," alisema Elieza.

"Moto unaua vijidudu, Baba Jasmine. Mabaki ya dawa usiutegemee kuyamaliza. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Mhuri wangu unaonyesha nyama imekaguliwa. Habari za sindano anazo mfugaji. Muulizeni muuzaji: ng'ombe katoka kwa nani? Alitibiwa lini?"

Hulda na Elieza wakaenda kwenye duka lililouza pakiti ile.

"Mama, si imeandikwa asili?" alisema muuzaji.

"Kusoma najua. Nimekuuliza ng'ombe."

Jamaa hakujua. Wakamwachia pakiti yake.

Kwenye bucha ya Hosea waliuona mhuri wa Agustino juu ya paja. Hosea akampigia mfugaji simu mbele yao. Fahali yule hakuwahi kuchomwa penisilini. Jasmine alikula, akafyonza mfupa, na uso wake ukabaki uso wake.

Hulda aliwasimulia wenzake, na sasa wanawake wa mtaa huo hawaanzi na bei. Wanaanza na, "Ng'ombe wa nani? Alichomwa nini?" Na yule muuzaji wa pakiti, siku hizi hapokei mzigo kabla ya kuongea na mfugaji. Hakuamka tu na huruma. Wanawake wangenyamaza, angeendelea kuwauzia picha.