Gunia Lisilo na Jina

Christabel alitangaza mbele ya kikundi kizima cha kompyuta kwamba angeweza kufunga faili nyingi ziwe kifurushi kimoja kwa mstari wa amri huku amefumba macho na mkono mmoja umeshika kikombe cha chai. Hakuna aliyempa chai. Hayo macho, tutaona.

Yeye na Kiplangat walisoma Gredi ya Nane, karibu na Mogogosiek. Kila Ijumaa walipiga picha mche wa chai walioupanda kwa mbolea ya maganda ya viazi, rula ikiwa kando yake. Wiki nane, picha nane. Kila mara Kiplangat alizifunga picha na kuweka nakala kwenye flashi yake. Christabel alimcheka, akamwuliza kwa nini asizichimbie shimo kabisa. Asubuhi hiyo hata aliandika kwenye kompyuta: kiplangat mwoga. Kompyuta ikajibu kwamba haijui amri kama hiyo, naye akaifuta skrini upesi.

Picha zilitakiwa zifike kwenye maonyesho ya Kabianga kabla ya saa sita, zote katika kifurushi kimoja. Bila ile ya wiki ya kwanza, nani angeamini kwamba mche umekua?

Saa tano na nusu Christabel aliandika, bila kutazama maelezo ubaoni:

tar -czf wiki*.jpg

Akabonyeza. Kompyuta ikanyamaza.

"Umeona?" alimwambia Kiplangat. "Haijakohoa hata."

Kiplangat akajaribu kufungua picha ya kwanza. Ikakataa. Ya pili ilifunguka, na nyingine zote. Ya kwanza tu ndiyo iliyogoma.

"Stima imecheza," Christabel alisema. Juu yao taa iliwaka bila kupepesa.

Kiplangat alichomeka flashi, akanakili kifurushi chake cha akiba, akaandika:

tar -xzf akiba.tar.gz

Picha zote nane zikatoka, mche wa wiki ya kwanza ukiwa mfupi kama kidole. Kisha akafunga upya:

tar -czf mche.tar.gz wiki*.jpg

Zilitumwa zikiwa zimebaki dakika kumi.

Mwalimu Mosoti, mlezi wa kikundi, alipouliza kwa nini wamekawia, Christabel alimweleza habari za stima, kwa urefu. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kubonyeza mshale wa juu. Amri zilizopita zikarudi moja baada ya nyingine, mpaka ile ya Christabel.

"Mama yako akipeleka majani ya chai kituoni, gunia lake hutambulikaje?"

"Kwa nambari yake, mwalimu."

"Hapa pia. Jina la kwanza baada ya f ni la gunia. Wewe hukuliandika, basi kompyuta ikachukua picha ya kwanza ikaigeuza gunia." Sauti yake haikuwa kali. "Kukosea hata mimi hukosea. Lakini ukisingizia stima, nitamwita fundi wa stima, na kesho utapoteza picha nyingine. Ungesema umekosea, ningekuonyesha papo hapo."

Christabel aliomba msamaha, kwa mwalimu na kwa Kiplangat, akaahidi hataficha kitu tena.

Mwalimu, kidole kikiwa bado kwenye mshale, akabonyeza mara moja zaidi.

Kiplangat akainama, akasoma maneno yale mawili ya asubuhi polepole, kwa sauti ya gwaride la shule la Jumatatu.