Maji Mekundu Chini ya Mlango

"Toa hilo lori uani kwangu, Hans! Kesho mwanangu anapata kipaimara, turubai nilifunge kichwani kwako?"

"Uani kwako? Mama Anyesi, ua huu tunachangia tangu wazee wetu."

"Tunachangia ua, hatuchangii grisi! Wageni wangu watoke Machame waje kukalia oili?"

Nusu ya Ngarenaro ilisikia. Watu waliegemea madirishani kana kwamba wamelipa kiingilio. Hans akacheka, akaapa lori litaondoka asubuhi, akaingia chumba cha nyuma cha gereji yake. Akafunga mlango. Kicheko kilibaki nje.

Ndani walimsubiri wawili. Aikaeli, dereva wake, baba wa ubatizo wa Anyesi, binti huyo huyo wa kipaimara. Na Sinyati, mlinzi wa ghala la barafu njia ya Njiro.

"Stroberi," Hans alisema. "Zimegandishwa. Zimetoka Ulaya kwa ajili ya hoteli za watalii. Mkaguzi kazizuia, kapiga lakiri. Kesho mji mzima uko kanisani. Kengele ya kwanza, Sinyati anafungua. Ya pili, tumeshapakia. Ya tatu, tuko Tengeru kwa mnunuzi."

"Zimezuiwa kwa nini?" Aikaeli aliuliza.

Sinyati alitazama sakafu. "Mashine ya baridi ilikufa njiani. Lori lilipoingia nililiona. Maji mekundu yanachuruzika chini ya mlango, utadhani limebeba nyama. Wakazigandisha upya. Sampuli imeenda maabara Dar. Majibu bado."

"Majibu ni bahasha," Hans alisema. "Enzi hizi za ruksa, kitu gani kilizuiwa kisiachiwe kwa bahasha? Maziwa ya unga yalizuiwa. Si tuliyanywa? Nani alikufa?"

Mji mzima ungemwunga mkono.

KENGELE YA KWANZA.

Plaizi ikakata lakiri. Baridi ikawapiga usoni kama upepo wa kileleni Meru. Walibeba maboksi kimya, vidole vikifa ganzi.

KENGELE YA PILI.

Barabarani askari akanyoosha mkono. Hans akashika spana chini ya kiti.

"Mzigo gani?"

"Barafu, afande," Aikaeli alisema. "Ya kipaimara."

Askari akatabasamu. "Mtuachie soda." Akawapisha.

KENGELE YA TATU.

Tengeru hawakuisikia. Mnunuzi, Elinaza, alifungua boksi moja, akalifunga.

"Cheti cha afya kiko wapi?"

"Dada, huu mzigo wa wizi," Hans alisema. "Cheti kitoke wapi?"

"Hoteli siku hizi hawapokei bila cheti. Ondokeni nazo."

Hata mpokea mali ya wizi alitaka karatasi. Sinyati akashuka, akaondoka bila kuaga. Ghalani asingerudi tena. Aikaeli naye akateremka, akawahi kanisani. Hans alisema mzigo ataumwaga korongoni.

Alasiri turubai lilijaa. Pilau, ndafu, kelele za shangwe. Na mezani, majagi ya juisi nyekundu.

"Kaka Aikaeli, umesikia?" Mama Anyesi alimdaka kwa furaha. "Hans kaniomba radhi! Kasema ugomvi hauendi meza ya Bwana. Kaniletea matunda ya Ulaya, tumeyasaga mabichi."

Aikaeli alimtafuta Hans kwa macho. Hans alikuwa anakunywa. Glasi ya pili.

Kusema ni kwenda jela. Anyesi alikuja, gauni jeupe, glasi mkononi.

"Baba, yako hii."

"Sina... sina kiu, mwanangu."

"Ya Ulaya unaikataa?" Binti akacheka. "Basi nakunywa mimi."

Akainywa yote.

Usiku ule ule ua ulianza kuharisha. Wengi walipona. Hans alikamatwa na polisi akiwa wodini, dripu mkononi. Akasema aliiba peke yake. Majibu ya Dar yalifika Anyesi akiwa mochwari.

Baada ya mazishi Aikaeli alisimama mlangoni kwa Mama Anyesi. Turubai lilikuwa lile lile. Neno alilokuja nalo lilikuwa moja, naye alilifanyia mazoezi njia nzima.

"Mama Anyesi..."

"Usiseme kitu, kaka." Mama alimshika mkono kwa mikono miwili. "Hans nimeshamlaani, inatosha. Wewe peke yako hukunywa. Mungu alikubakiza umbebe mwanao."

Aikaeli akarudi nyuma hatua moja.

"Tangu juzi hujala, naona." Akamvuta. "Karibu ndani. Ule."